Huyu ni mbunge wa kaunti, mbona tumwite 'Mwakilishi wa Wanawake'?

Uchaguzi Mkuu wa 2027 unabisha hodi na mabango yameanza kuchipuka kando ya barabara kama uyoga baada ya mvua. Ukiyasoma yale ya akina mama wanaomezea mate viti 47 vya kaunti katika Bunge la Taifa, utakuta cheo kimoja kimevishwa majina chungu nzima. Huyu ameandika 'Mwakilishi wa Wanawake'. Yule kaandika 'Mwakilishi wa Kike'. Wa tatu anajiita 'Mwakilishi Mwanamke', na majukwaani wote hugeuka kuwa 'Mama Kaunti'. Magazeti na redio nazo huchanganya majina hayo, wakati mwingine katika habari moja.

Wapo watakaosema kwamba jina si hoja, mradi kazi ifanyike. Mimi nimefundisha sarufi na isimujamii kwa zaidi ya miongo mitatu na sikubaliani nao. Jina la cheo ni maelezo mafupi ya kazi. Mpiga kura asiyewahi kuishika Katiba mkononi huijua kazi ya kiongozi wake kupitia jina hilo. Jina likipotoka, matarajio hupotoka, na matarajio yakipotoka, hata mizani ya kumpimia kiongozi hupotoka. Hoja yangu leo ni kwamba jina 'Mwakilishi wa Wanawake' ni kosa la kisarufi na pia kosa la kikatiba, na kwamba Kiswahili kina jina bora zaidi ambalo halijali kama mwenye kiti ni wa kike au wa kiume.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 97 cha Katiba ya 2010 kinaorodhesha wanaounda Bunge la Taifa. Kuna wabunge 290 wanaochaguliwa na maeneobunge. Kuna wanawake 47, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura waliosajiliwa katika kaunti, na kila kaunti ikihesabiwa kuwa eneobunge moja. Kuna 12 wanaoteuliwa na vyama, kisha yuko Spika kwa wadhifa wake. Hebu kitazame kifungu hicho tena. Hakuna mahali kinapomwita yeyote kati ya hao 47 'mwakilishi wa wanawake'. Kinasema mambo mawili tu kuwahusu: kwamba mgombea sharti awe mwanamke, na kwamba wanaomchagua ni wapiga kura wote wa kaunti, waume kwa wake. Akishaapishwa, yeye ni mbunge kama wabunge wengine. Kura yake haipungui uzito, na mswada wake haupitii mlango wa nyuma.

Sasa tuje kwenye sarufi. Nomino 'mwakilishi' imeundwa kutokana na kitenzi 'wakilisha'. Ni nomino ya mtendaji, sawa na mwandishi, mlinzi, msomaji na mfasiri. Nomino za aina hii zinapofuatwa na a-unganifu, neno linalokuja baadaye aghalabu huwa ndilo linalotendewa. Mlinzi wa lango hulilinda lango. Msomaji wa gazeti hulisoma gazeti. Mwandishi wa barua huiandika barua. Vivyo hivyo, mwakilishi wa wanafunzi huwawakilisha wanafunzi, na mwakilishi wa wafanyakazi huwawakilisha wafanyakazi. Msemaji yeyote wa Kiswahili, awe wa Lamu au wa Lodwar, akisikia 'mwakilishi wa wanawake' ataelewa jambo moja tu: mtu anayewawakilisha wanawake.

Kutokana na hapo yanazuka mambo mawili ya kuchekesha, kama si ya kusikitisha. La kwanza, sarufi ya jina hilo inawatoa nje wanaume. Mzee wa Kitui aliyepanga foleni tangu alfajiri akapiga kura sita, moja ikiwa ya kiti hiki, anaambiwa na jina lenyewe kwamba aliyemchagua si wake. La pili, sarufi hiyo hiyo inamruhusu mwanamume kukishika kiti! Mwakilishi wa wafanyakazi anaweza kuwa wakili ambaye hajawahi kushika jembe, na mwakilishi wa watoto mahakamani huwa ni mtu mzima. Kwa mantiki hiyo, mwakilishi wa wanawake si lazima awe mwanamke. Katiba inataka mgombea mwanamke na wapiga kura wa jinsia zote. Jina tulilobuni linasema kinyume katika pande zote mbili. Ni nadra sana kukuta jina lililokosea kwa ukamilifu namna hiyo.

Je, 'Mwakilishi Mwanamke' na 'Mwakilishi wa Kike' yana nafuu? Yana nafuu kidogo, kwa sababu yanaitaja jinsia ya mwenye kiti bila kuwafungia nje wanaowakilishwa. Lakini yana ila yake. Kwanza, hayasemi huyo anawakilisha nani wala wapi. Pili, yanaitanguliza jinsia mbele ya kazi. Tatu, kirai 'wa kike' kina mzigo wake katika lugha yetu. Wazee wa pwani walizoea kuuita mkono wa kulia 'mkono wa kuume', na wa kushoto 'mkono wa kike'. Mpaka leo anayetiwa moyo huambiwa ajikaze kiume, hata akiwa mwanamke. Sisemi tuyafute maneno hayo kamusini. Ninachosema ni kwamba si busara kuuchukua mzigo huo tukaubandika kwenye cheo cha mtunga sheria.

Na 'Mama Kaunti'? Neno mama lina heshima kubwa kwetu na sina ugomvi nalo. Lakini sijasikia seneta akiitwa 'Baba Kaunti' kwa sababu tu ameshinda kiti. Ni kweli Raila Odinga aliitwa Baba na mamilioni ya watu, ila hiyo ilikuwa lakabu ya mtu, haikuwa ya kiti. Mama wa nyumbani hugawa chakula, hutuliza watoto na hufariji wafiwa. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuisaili serikali. Ukimwita mbunge mama, usishangae wananchi wakimwendea kwa ajili ya mahema, viti na matangi ya maji, na wala wasimuulize alipigaje kura bungeni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dosari hii hatukulazimishwa na lugha. Tumejitakia wenyewe. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zilizobarikiwa katika suala hili. Ngeli ya A-WA haibagui. Tunasema 'mbunge amefika' na hatujui kama ni Fatuma au ni Farouk. Kiwakilishi 'yeye' hutosha pale ambapo Kiingereza hulazimika kuandika maneno mawili yenye 'au' katikati. Mwenyekiti ni mwenye kiti tu, ilhali Waingereza walitumia miaka mingi wakiliondoa neno 'mwanamume' katika cheo hicho. Wamarekani nao hadi leo wanahangaika na majina mawili ya wabunge wao, moja lenye 'mwanamume' ndani yake na jingine lenye 'mwanamke'. Hata 'mwana' katika mwanasheria, mwanasiasa na mwanahabari ni mtoto au mfuasi wa jambo, wala hana jinsia.

Lugha nyingine hazina bahati hiyo. Kule Ufaransa, mwaka wa 2014, mbunge Julien Aubert aliendelea kumwita Sandrine Mazetier, aliyekuwa akiongoza kikao, kwa cheo chenye alama ya kiume. Mama huyo alimkanya, yeye akashikilia kwamba ndivyo sarufi inavyotaka. Mwishowe alikatwa robo ya marupurupu yake ya mwezi. Sarufi ya Kifaransa inamlazimisha msemaji achague: amwite kiongozi kwa umbo la kiume au la kike. Sisi hatulazimishwi kuchagua. Neno 'spika' halina ndevu wala hereni. Tumepewa mlango wazi, nasi tukaenda kutafuta dirisha la kuvunja!

Lakini tusijidanganye. Lugha isiyobagua haitoshi kuifanya jamii isibague. Neno 'mbunge' lilikuwapo 1963, na halikumkataza mwanamke yeyote. Hata hivyo, hakuna mwanamke aliyechaguliwa kuingia Bunge mwaka huo. Ilibidi tungoje hadi 1969 ndipo Grace Onyango, aliyekuwa amewahi kuwa meya wa Kisumu, akachaguliwa mbunge wa Kisumu Mjini. Mwaka wa 1974 akaja Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, msichana wa miaka 20 na ushei. Hao walikuwa wabunge, basi. Hawakuwa na kiti kilichotengwa wala cheo chenye alama.

Hata hivyo, tayari kulikuwa na tabia ambayo wanaisimu huiita uwekaji alama. Tunasema 'mbunge' tukimaanisha mwanamume, kisha tunasema 'mbunge mwanamke' tukimaanisha yule mwingine. Nani amewahi kusoma habari inayoanza 'Mbunge mwanamume wa Kiharu'? Anayewekewa alama ndiye anayechukuliwa kuwa mgeni, na asiyewekewa ndiye mwenye nyumba. Hili halimo katika ngeli. Limo vichwani mwetu, na kutoka vichwani likaingia katika vinywa na kalamu. Jina 'Mwakilishi wa Wanawake' lilichukua tabia hiyo ya mazungumzo na kuifanya cheo rasmi.

Gharama ya jambo hili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Chukua mfano wa Gladys Wanga. Alikishikilia kiti cha kaunti ya Homa Bay kuanzia 2013 hadi 2022, alipochaguliwa gavana. Katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho aliiongoza Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa ya Bunge la Taifa. Hiyo ndiyo kamati inayopitia Mswada wa Fedha, mswada unaoamua bei ya unga, mafuta na gesi ya kupikia. Kila Mkenya, mume au mke, aliguswa na kazi ya kamati yake. Lakini kwenye taarifa za habari aliendelea kuwa 'Mwakilishi wa Wanawake wa Homa Bay'. Msikilizaji asiyefuatilia siasa kwa karibu angeuliza: kwani mwakilishi wa wanawake anatafuta nini kwenye kodi? Swali hilo lisingezuka kama angeitwa kwa kazi yake.

Upande wa pili wa gharama ni wa mwanamke anayetaka kuwania eneobunge la kawaida. Mara ngapi ameambiwa na wazee wa chama, 'Mama, nyinyi mna kiti chenu, hiki waachie vijana'? Mwaka wa 2013, uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya, wanawake 16 pekee ndio walioshinda kati ya maeneobunge 290, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa gavana wala seneta. Mwaka wa 2017 walikuwa 23, na kando yao maseneta watatu na magavana watatu. Mwaka wa 2022 magavana wanawake walifika saba. Hatua zinapigwa, ila polepole, na sheria ya kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe bado haijatekelezwa bungeni. Sidai kwamba jina la cheo ndilo chanzo cha haya yote. Vyanzo ni pesa, fujo za kampeni, mila na vyama. Lakini jina linalosema 'hiki ndicho cha wanawake' humpa mpinzani hoja ya bure kwamba vingine vyote si vyao.

Majirani zetu wanatufunza nini? Katiba ya Uganda ya 1995 inatamka wazi kwamba kila wilaya itakuwa na mwakilishi mwanamke bungeni, kwa hivyo wao wana msingi wa kisheria wa jina lao. Nashuku sisi tuliliazima jina hilo kwa mazoea ya masikio, kisha tulipolifasiri kwa Kiswahili tukaligeuza kuwa 'wa wanawake', na hapo ndipo maana ilipopinduka. Tanzania wana 'Mbunge wa Viti Maalum'. Viti hivyo ni vya wanawake na hugawiwa vyama kulingana na kura, lakini cheo chenyewe hakitaji jinsia. Aidha, bunge la Dodoma limezoea 'Mheshimiwa Spika', na zoea hilo liliwatosha Anna Makinda na Tulia Ackson kama lilivyowatosha waliokuwa wanaume, bila kuhitaji kubadilisha hata silabi moja.

Hata hivyo, Tanzania inatuonya pia. Neno 'maalum' halina jinsia, lakini lina tabaka. Mbunge wa viti maalum hukumbushwa mara kwa mara kwamba hana jimbo. Kwa hivyo, kuondoa jinsia kwenye cheo hakutoshi ikiwa jina jipya linamshusha mtu kwa njia nyingine. Jina zuri linapaswa kusema mtu anafanya kazi gani na kwa niaba ya nani, likaishia hapo.

Kwa msingi huo, napendekeza jina ambalo tayari tunalo: 'Mbunge wa Kaunti'. Kama tuna Mbunge wa Malindi na Mbunge wa Kimilili, mbona tusiwe na Mbunge wa Kaunti ya Kilifi na Mbunge wa Kaunti ya Bungoma? Jina hili linakubaliana na Kifungu cha 97, kwani kaunti ndiyo eneobunge lake. Linamtofautisha na seneta, ambaye ni wa kaunti lakini yumo katika Seneti. Na halina jinsia.

Najua pingamizi zitakuja, na ni vyema zije. Ya kwanza itasema kwamba jina hilo litaficha ukweli kuwa kiti ni cha wanawake. Naam, sharti la kugombea ni la kutajwa pale panapohitajika: katika sheria, katika fomu za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, katika takwimu na madarasani. Mgombea urais sharti awe raia wa kuzaliwa, lakini hatumwiti 'Rais Mzaliwa'. Sharti la kuingia si cheo cha aliyekwisha kuingia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna mabunge 47 ya kaunti. Je, 'Mbunge wa Kaunti' hatadhaniwa kuwa mwanachama wa bunge la kaunti? Hatari ipo, lakini si kubwa. Wanachama wa mabunge hayo wamekwisha kupata jina lao, 'wawakilishi wadi', na limeshika mizizi. Pale panapohitaji uwazi zaidi, tunaweza kuandika 'Mbunge wa Kaunti ya Narok katika Bunge la Taifa' mara ya kwanza, kisha tukafupisha. Waandishi wa habari hufanya hivyo kila siku na majina marefu kuliko hilo.

Pingamizi la tatu ni la mazoea: watu wameshazoea, utawabadilishaje? Jibu ni kwamba tumewahi kubadilika, tena upesi. Kabla ya 2013 tulikuwa na madiwani. Leo 'diwani' imerejea kwa washairi kwa maana yake ya mkusanyiko wa tungo, na mtaani watu wanamtaja mwakilishi wadi bila kigugumizi. Tulizoea mikoa, tukaja kuzoea kaunti. Lugha hufuata wenye vipaza sauti, na wenye vipaza sauti ni wahariri, watangazaji, walimu na wafasiri.

Kabla sijaweka kalamu chini, niseme neno kuhusu namna ya kuitana ndani ya Bunge. Katika Bunge la Taifa, wanaochangia kwa Kiswahili husema 'Mheshimiwa Spika', na wamefanya vyema. Katika Seneti bado tunasikia 'Bw. Spika', kisha akikalia kiti mwanamke, wanageuza ulimi na kusema 'Bi. Spika wa Muda'. Hakuna aliyetukanwa hapo, kwa maana Bwana na Bi ni heshima zilizo sawa. Lakini kwa nini tujitwike kazi ya kumtazama mtu kabla ya kumtaja, ilhali 'Mheshimiwa' limekaa tayari, halina mume wala mke?

Kwa wahariri, ombi langu ni jepesi: lifuteni 'Mwakilishi wa Wanawake' katika miongozo yenu ya uandishi kabla ya kampeni kupamba moto. Kwa wafasiri wa nyaraka za serikali, someni Katiba kabla ya kusoma bango. Kwa walimu, lichukueni jina hili darasani mfundishie a-unganifu, maana mfano bora kuliko huu hamtaupata vitabuni. Na kwa nyinyi waheshimiwa 47, msingoje wengine. Chapisheni mabango yenu upya. Mlichaguliwa na kaunti nzima, basi jiiteni kwa jina la kaunti nzima.